Umesamehewa, Keti Ule



*Mimi ni mama wa miaka 40, Mlutheri tangu utoto, naishi mkoani Kilimanjaro na nauza ndizi na mboga sokoni. Nilipata mimba nikiwa bado kwa wazazi wangu, tena nikiwa mwimbaji wa kwaya. Nikatengwa. Mwenzangu hakuguswa kwa kuwa alikana, na Jumapili iliyofuata alikuwa amesimama kwenye safu ya besi kama kawaida. Nilipojifungua niliungama mbele ya wazee wa kanisa, nikasimamishwa mbele ya usharika, nikarudishwa kundini. Ni zamani sasa. Lakini tangu siku ile sijashiriki Meza ya Bwana hata mara moja. Ikifika Jumapili ya Chakula cha Bwana nakaa benchi la nyuma kabisa, na watu wakianza kwenda madhabahuni mimi natoka nje kama mtu mwenye dharura. Nikikumbuka lile onyo la Mtume Paulo juu ya kula isivyostahili, miguu inaniishia nguvu.*

*Binti yangu ana miaka 19. Nimemlea kwa ukali ili asipite njia yangu. Sikumbuki ni lini nilimwambia amefanya vizuri. Alipofaulu kidato cha nne nilimwambia asivimbe kichwa. Mwezi uliopita tukitoka kanisani aliniuliza, "Mama, kwani dhambi yako ni mimi?" Nilikosa la kusema, nikamwambia afanye haraka tukateke maji.*

*Sasa kuna msichana wa kwaya ya vijana ametengwa kwa sababu ileile. Anakaa benchi langu. Natamani kumwambia neno la kumtia moyo, lakini mimi ni nani? Mwenyewe sijioni nimekubaliwa na Mungu, nitamthibitishia nani kwamba amekubaliwa?*

*Wa Benchi la Nyuma*

Mwanangu,

Naanza na swali ambalo hukuniuliza wewe. Ameuliza binti yako, na limeshakaa mwezi mzima bila jibu. Jibu ni hapana. Kosa uliloliungama lilikuwa tendo la watu wawili wenye akili zao, na binti yako hakuwepo. Yeye ametoka mkononi mwa Mungu sawasawa na watoto wa waliofunga ndoa kwa shela na matarumbeta. Mwambie hivyo leo, kwa mdomo. Najua umempenda kwa kazi: kwa ada ulizolipa, kwa sare ulizofua usiku, kwa ndizi ulizobeba kichwani kwenda sokoni. Lakini yeye ameuliza kwa maneno, na anastahili kujibiwa kwa maneno.

Kuna sababu nyingine ya kuanza hapo. Miaka yote hii umeamini kwamba kutoka nje wakati wa Meza ya Bwana ni jambo lako na Mungu wako, unyenyekevu usiomdhuru mtu. Kumbe kulikuwa na mtoto aliyekuwa akikutazama. Alikuona ukitoka alipokuwa mdogo, asielewe. Alipokua akafahamu wanawake hutengwa kwa sababu gani, akahesabu miaka yake, akapata jibu baya. Mtu akikataa msamaha, haumii yeye peke yake. Watoto wake nao husikia kwamba jambo halijaisha, na wa kwako amekwenda mbali zaidi, amedhani jambo lenyewe ni yeye.

Basi tuliangalie hilo onyo la Paulo. Fungua Wakorintho wa Kwanza sura ya 11 na usianzie pale panapokutisha. Anzia aya ya 17. Wakristo wa Korintho hawakuwa na majengo ya ibada. Walikutana nyumbani kwa mtu, na Chakula cha Bwana kiliandamana na mlo kamili. Wenye nafasi walianza kula vyakula vyao bila kuwasubiri wenzao, wakashiba, wengine wakalewa kabisa. Wasio na kitu walikaa na njaa katika chumba kilekile, wakitazama midomo ya walioshiba. Hilo ndilo lililomchoma Paulo: watu kuwatia wenzao aibu kwenye meza ya Bwana aliyejitoa kwa ajili ya wote. Wanaoonywa pale ni wale waliokula kana kwamba wengine hawapo. Wewe umeuchukua waraka wa kuwakemea wenye kudharau wenzao, ukajisomea kama hati ya mashtaka yako.

Ni kweli Paulo anataka kila mtu ajihoji. Lakini soma anachoagiza baada ya kujihoji: mtu ale na kunywa. Hakumwagiza atoke nje. Wewe umejihoji tangu binti yako akiwa mgongoni. Hatua ya pili ndiyo hujaifikia.

Utaniuliza, "Je, ninastahili?" Luka anasimulia katika sura ya 7 habari za akida wa Kirumi pale Kapernaumu aliyekuwa na mtumwa mgonjwa sana. Wazee wa Wayahudi walimwendea Yesu wakamtetea kwamba mtu huyu anastahili kusaidiwa, maana analipenda taifa lao na amewajengea sinagogi. Yesu akiwa njiani, wakaja rafiki wa akida na ujumbe tofauti: mwenyewe anasema hastahili hata Bwana aingie chini ya dari yake. Upande mmoja unasema anastahili, upande mwingine unasema hastahili, na Yesu yuko katikati. Hakuiamua kesi hiyo. Aligeuka, akaisifu imani ya mtu yule mbele ya umati wote, na mtumwa akapona. Kama uponyaji ungengoja hadi kesi ya kustahili iishe, pale nyumbani wangekuwa wanachimba kaburi.

Wewe uliyasoma haya kwenye darasa la kipaimara. Katekisimo Ndogo ambayo Martin Luther aliitoa mwaka 1529 inauliza waziwazi ni nani anayeipokea sakramenti hii kwa kustahili. Kufunga na kuuandaa mwili, Luther anaviona kuwa desturi nzuri. Anayestahili hasa, kwa mafundisho yake, ni yule anayeamini kwamba Kristo alitolewa kwa ajili yake na kwa ondoleo la dhambi zake. Wala hakuandika hayo kama mtu asiyejua hofu yako. Aliingia utawani Erfurt mwaka 1505, na huko aliungama kwa saa nyingi, akitoka akakumbuka jingine, akarudi tena. Aliyemvusha ni mkubwa wake, Johann von Staupitz, aliyemwelekeza aache kujichungulia amtazame Kristo, kisha akamsukuma asome hadi awe mwalimu wa Biblia. Luther akapata udaktari wa theolojia mwaka 1512. Kumbuka jinsi Staupitz alivyofanya: alimpa kazi mtu ambaye bado alijiona hafai, na kazi ile ikawa sehemu ya tiba yake.

Kuhusu adhabu uliyopewa, nidhamu ya kanisa huwekwa ili mtu arudi, ndiyo maana ina siku ya kuisha. Yako iliisha siku ile uliposimama mbele ya usharika. Ulichokiongeza baada ya hapo ni kifungo ambacho hakuna mchungaji wala baraza la wazee waliokuhukumu. Na kwamba mwenzako aliendelea kuimba besi, hiyo ni aibu ya waliomwachia. Haithibitishi kwamba dhambi yako ilikuwa nzito kuliko yake. Tumbo huonekana, na mabaraza yetu yamezoea kuadhibu kinachoonekana.

Sasa msichana wa benchi lako. Unadhani ni lazima kwanza ujione umekubaliwa kabisa ndipo upate haki ya kumtia moyo mwingine. Mtazame Barnaba katika Matendo ya Mitume. Saulo, ndiye Paulo, alipofika Yerusalemu baada ya kuongoka, wanafunzi walimwogopa, wasiamini kwamba ni mwenzao. Barnaba akamchukua, akampeleka kwa mitume, akaeleza mwenyewe jinsi Bwana alivyokutana naye. Baadaye akamfuata hadi Tarso, akamleta Antiokia, wakafundisha pamoja mwaka mzima. Yohana Marko naye aliwaacha safarini kule Pamfilia, na Paulo akakataa katakata kusafiri naye tena. Barnaba akaondoka na Marko kwenda Kipro. Miaka ikapita, na katika waraka wa pili kwa Timotheo tunamsikia Paulo akiomba Marko aletwe, kwa kuwa anamfaa kwa kazi. Barnaba alifanya zaidi ya kusema maneno matamu. Alikubali kuonekana pamoja na mtu mwenye doa, jina lake likitajwa pamoja na la mwenzake.

Hilo unaliweza hata miguu ikitetemeka. Tena katika usharika wenu ni wachache wanaoliweza kuliko wewe, kwa sababu msichana yule akiambiwa na mtu asiyewahi kutengwa kwamba yatapita, atashukuru kwa adabu. Akiambiwa na wewe, ataamini. Usimgoje ibadani. Mtembelee kwao, uulize kama anakula vizuri na kama ameanza kliniki. Siku ya kuitwa mbele ya wazee, jitolee kumsindikiza. Na mkifika, uliza kwa heshima, wote wakusikie, kijana aliyempa mimba ataitwa lini.

Najua malezi yetu yana hofu ya kusifia. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, tumeambiwa tangu utoto, nawe ukaishika methali hiyo hadi siku ya matokeo ya kidato cha nne. Methali ni ya kweli kwa mgema ambaye sifa zimemlevya. Binti yako hajawahi kuzionja; zitamlevyaje? Mtoto aliyenyimwa neno jema nyumbani hawi mnyenyekevu kwa sababu hiyo. Mara nyingi hulitafuta kwa mtu wa kwanza atakayempa, na hapo ndipo ukali wako unapoweza kumsukuma kwenye njia ileile uliyotaka kumwepusha.

Ukianza, utaona ulimi mzito, kwa hiyo nakupa njia. Sema ukweli tu; usimpe sifa asiyoistahili, ataijua. Taja kitu chenyewe: "Ulivyomhudumia bibi yako alipougua, nilimshukuru Mungu kwa ajili yako" ina uzito kuliko "wewe ni mtoto mzuri." Ukishasema, nyamaza. Usiweke "lakini" mwishoni, maana binti atabaki na hiyo "lakini" na mengine yote atayasahau. Na kama ulimkaripia mbele za watu, msifie mbele za watu. Yesu alimsifu akida mbele ya umati.

Usitarajie akukumbatie siku hiyohiyo. Anaweza kulia, anaweza kukasirika na kukuuliza ulikuwa wapi siku zote. Msikilize hadi amalize, usijitetee kwa hesabu ya ada. Kesho yake mwambie neno jema jingine, kama mtu anayejifunza lugha ukubwani.

Halafu nenda kwa mchungaji wako siku ya kazi, si Jumapili watu wakiwa wengi. Mweleze kwamba hujashiriki tangu urudishwe kundini. Kama kuna jambo linalokuelemea hadi leo, liungame kwake faragha, akutangazie ondoleo la dhambi wewe peke yako. Sikiliza kwa makini atakapotamka, maana kila Jumapili tangazo hilo hutolewa kanisani nawe umekuwa ukilisikia kama barua ya jirani. Usiombe kusimamishwa tena mbele ya usharika. Hilo lilishafanyika, na kulirudia ni kusema kwamba mara ya kwanza Mungu hakusikia.

Ukifika madhabahuni huenda usijisikie chochote, au ujisikie vibaya kama zamani. Pokea hivyohivyo. Hofu iliyokaa nawe tangu ujana haitahama kwa asubuhi moja, na mkate haukutolewa kwa ajili ya wanaojisikia vizuri.

Uniandikie tena, mwanangu. Nataka kujua binti yako alisema nini, msichana wa kwaya anaendeleaje, na wazee walijibu nini ulipouliza habari za yule kijana.