Anayewachunguza wenzake benki naye apimwe

Leo tuiache malaria kidogo tuzungumzie maradhi yasiyoonekana kwenye darubini.

Miezi kadha iliyopita alikuja kliniki bwana mmoja wa makamo, suti na tai, akilalamika kuumwa na kisogo, kiungulia, na moyo kumwenda mbio usiku. Nilimpima presha mara tatu. Haikushuka chini ya 168 kwa 104. Nilipomwuliza kazi yake alijibu, "Niko benki," akanyamaza. Nikataka kujua kama ni keshia au yuko upande wa mikopo. Alishusha sauti, ingawa mlango ulikuwa umefungwa na tulikuwa wawili tu: "Daktari, mimi huwatafuta wezi walio ndani. Wenzangu." (Ameniruhusu nimwandike, nami nimegeuza mambo machache asitambulike.)

Mwizi wa nje huvunja mlango, bali wa ndani amepewa ufunguo na mwajiri mwenyewe. Ndiyo sababu benki nyingi siku hizi zina watu wa kusoma kumbukumbu za mitambo: nani alifungua akaunti ya mteja ambaye hajafika tawini, nani alibadilisha nambari ya simu ya mteja aliyefariki, nani aliingia kwenye mtambo saa tisa za usiku ilhali yuko likizo. Dalili zikijitokeza, tarakilishi ya mshukiwa huchukuliwa na diski yake kunakiliwa nzima. Nakala hulinganishwa na asili kwa hesabu maalumu, na hata herufi moja ikigeuka, hesabu hukataa. Kila anayekishika kifaa hicho hutia sahihi na saa. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya hudai cheti kwa ushahidi wa aina hii, na sahihi moja ikikosekana, wakili wa upande wa pili huamka na furaha.

Hofu ya kosa dogo haina uchovu. Vilevile ipo hofu ya kutoona. Wafanyao kazi hii wote wanajua kisa cha benki ya Barings ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka wa 1762 na kuanguka mwaka wa 1995 kwa sababu ya mfanyakazi mmoja aliyekuwa Singapore, Nick Leeson. Alificha hasara katika akaunti nambari 88888 hadi ikafika pauni milioni 827. Aliweza kwa kuwa ndiye aliyefanya biashara na ndiye aliyesimamia vitabu vyake.

Mwili wa mtu mwenye hofu hutoa kemikali za kumwandaa kukimbia au kupigana. Ukifukuzwa na mbwa, zinakuokoa. Ukikaa nazo miezi minane mbele ya kioo cha tarakilishi bila kukimbia popote, presha hupanda, sukari huvurugika, tumbo huwaka na usingizi hukatika. Mwaka wa 2021, Shirika la Afya Duniani na lile la Kazi yalieleza kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki yuko katika hatari ya kiharusi kwa asilimia 35 zaidi kuliko mwenye saa 35 hadi 40. Mgonjwa wangu alipohesabu saa zake kwa vidole, alikomea 70.

Lakini saa si mzigo mzito zaidi. Mzito ni siri. Mtu huyu hula chakula cha mchana na jamaa ambaye asubuhi alikuwa akizisoma barua zake. Hawezi kumwambia, wala hawezi kumwambia mkewe. Kisha ile tabia ya kushuku inamfuata nyumbani. Mke wa bwana huyu aliponitembelea naye, alisema mumewe humwomba risiti ya sukari. Shirika la Afya Duniani lilipoeleza hali ya kuchoshwa na kazi mwaka wa 2019, lilitaja alama tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuidharau, na kuona kwamba hufanyi lolote la maana. Huyu alikuwa nazo zote.

Tena kuna huruma. Donald Cressey, msomi wa Marekani, aliandika mwaka wa 1953 kwamba anayeiba amana huwa na shida asiyoweza kuisema, nafasi ya kuiba, na kisingizio cha kujituliza. Mchunguzi huiona hiyo shida kwa macho yake ndani ya simu ya mwenzake: deni la hospitali, kamari, karo. Mara nyingine hukutana pia na picha chafu ambazo hangetaka kuziona.

Hapa ningependa mabenki yanisikilize. Siku mshukiwa anapoonyeshwa ushahidi ndiyo siku ya hatari kwa maisha yake, kwani mtu aliyeaibika ghafula huweza kujidhuru. Msimwite Ijumaa jioni halafu mkamwacha ashuke ngazi peke yake. Apigiwe jamaa wa kumchukua. Akisema hana haja ya kuishi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na kesi ingoje. Mchunguzi aliyempoteza mshukiwa namna hiyo naye hasahau.

Kwako wewe unayefanya kazi hii, pima presha hata kama huumwi na chochote. Ikipita 140 kwa 90 mara kadha, mwone daktari, na ukipewa tembe usiziache kwa kuwa umejisikia nafuu. Kahawa ya saa kumi jioni, nusu ya nguvu yake ingali mwilini saa tatu usiku. Bia humlaza mtu na kumwamsha saa nane. Macho yakiwasha, kumbuka kupepesa, na kila dakika 20 tazama mbali, mita sita hivi. Picha mbaya zisitazamwe na mtu mmoja kutwa nzima. Na siri isikuzibe mdomo kabisa: waweza kusema uzito bila kutaja jina. Mwambie mkeo, "Leo nimeona mambo yaliyonihuzunisha." Yatosha. Kwa daktari waweza kusema zaidi, kwani nasi tumefungwa na siri.

Halafu likizo. Benki huwalazimisha makeshia kwenda wiki mbili mfululizo kwa sababu wizi uliofichwa huchomoza mwenyewe asipokuwepo kuufunika. Nilimwuliza bwana huyu yeye alienda lini. Akacheka kwa mara ya kwanza. Miaka mitatu.

Alienda, mwajiri akinung'unika. Sasa presha yake ni 138 kwa 86, anameza tembe moja kila asubuhi na bado huamka saa tisa usiku mara mojamoja. Juzi aliikazia macho tarakilishi yangu na kuuliza ni nani mwingine awezaye kulifungua faili lake. Nikamwambia ni mimi na muuguzi. "Na mtambo huandika aliyelifungua?" Sikujua. Fundi anakuja Jumanne.