Kitanzi cha Reli na Uzani wa Abiria: Fizikia ya Rola Kosta

Abiria wa basi liendalo kilometa 50 kwa saa katika barabara iliyonyooka anaweza kusoma gazeti, kunywa maji, hata kusinzia. Mwaka 1895, huko Coney Island, New York, nchini Marekani, kilifunguliwa chombo cha burudani kilichoitwa Flip Flap, ambacho kiliwapitisha abiria wake kichwa chini miguu juu ndani ya kitanzi cha reli. Kasi yake, kama tutakavyoonyesha kwa hesabu, haikuhitaji kuizidi ile ya basi letu. Hata hivyo abiria walishuka wakilalamikia maumivu ya shingo. Kwa upande mwingine, katika bustani ya Ferrari World huko Abu Dhabi, chombo cha jamii hiyo hiyo kiitwacho Formula Rossa, kilichofunguliwa mwaka 2010, hukimbia kilometa 240 kwa saa, na abiria wake hushuka wakicheka.

Imekuwaje kasi ndogo imuumize mtu, na kasi iliyo karibu mara tano ya hiyo isimuumize? Katika makala haya tutalitafutia jibu swali hilo, kisha tutaeleza jaribio ambalo darasa lolote laweza kulifanya kwa gololi na kipande cha mpira wa maji.

CHOMBO CHENYEWE

Chombo tunachokizungumzia huitwa rola kosta. Ni msururu wa mabehewa madogo yaliyo wazi, yanayopita juu ya reli iliyojengwa kwa kupanda na kushuka mfano wa vilima na mabonde. Mwaka 1884 LaMarcus Thompson alifungua reli ya namna hiyo Coney Island. Nauli ilikuwa senti 5, na kasi ilikuwa kama kilometa 10 kwa saa tu, lakini watu walipanga foleni kuipanda.

Rola kosta ya kawaida haina injini ndani yake. Mnyororo unaozungushwa na mota huyavuta mabehewa mpaka kilele cha kilima cha kwanza, kisha huyaachia. Kuanzia hapo safari nzima huendeshwa na mvutano wa dunia. Kazi iliyofanywa na mnyororo imewekwa akiba kama nishati tuli, yaani nishati ambayo kitu huwa nayo kwa sababu ya kimo chake. Mabehewa yakishuka, nishati tuli hugeuka kuwa nishati mwendo. Yakipanda tena, nishati mwendo hurudi kuwa nishati tuli. Kila safari sehemu fulani hupotea kuwa joto kwa sababu ya msuguano wa magurudumu na ukinzani wa hewa. Ndiyo maana hakuna kilima cha mbele kinachoweza kukizidi kimo kile cha kwanza, isipokuwa chombo kisukumwe upya njiani.

Tukiuacha msuguano kando kwa sasa, na tukiuhesabu mchapuko wa mvutano wa dunia kuwa meta 10 kwa sekunde kwa sekunde, kasi baada ya kushuka hupatikana hivi:

v × v = 2 × 10 × h

Hapa v ni kasi kwa meta kwa sekunde, na h ni kimo kilichoshukwa kwa meta. Kushuka meta 5 huleta kasi ya meta 10 kwa sekunde, sawa na kilometa 36 kwa saa. Kushuka meta 20 huleta kilometa 72 kwa saa, na kushuka meta 80 huleta kilometa 144 kwa saa. Mwanafunzi atambue mambo mawili. Kwanza, ili kuzidisha kasi mara mbili, kimo sharti kizidishwe mara nne. Pili, tungamo la abiria halimo katika hesabu hii: behewa lililojaa na behewa tupu yangefika chini kwa kasi moja, kama msuguano usingekuwapo.

KITI NDICHO MIZANI

Mwili wa binadamu hauhisi kasi. Sisi sote tunazunguka pamoja na dunia, na wakazi wa ikweta huenda zaidi ya kilometa 1,600 kwa saa bila kuhisi lolote. Mwili huhisi kani inayousukuma, na kani huhitajika pale tu mwendo unapobadilika, ama kwa ukubwa ama kwa mwelekeo. Badiliko hilo ndilo mchapuko.

Gari likipita juu ya reli iliyopinda, mwelekeo wake hubadilika kila nukta. Mchapuko unaoelekea kitovu cha mkunjo huo ni:

a = (v × v) ÷ r

Hapa r ni nusu kipenyo cha mkunjo. Kadiri mkunjo unavyokuwa mkali, yaani r inavyokuwa ndogo, ndivyo mchapuko unavyoongezeka. Anayetoa kani hiyo kwa abiria ni kiti. Kwa hiyo tunaweza kukichukulia kiti kuwa mizani. Chini ya bonde, kiti hubeba uzani wa kawaida wa abiria na pia humsukuma juu ili aufuate mkunjo. Abiria hujiona mzito. Juu ya kilima hali hugeuka: sehemu ya uzani wake hutumika kumgeuza mwelekeo, na kiti hubaki na mzigo mdogo. Hisia ya tumbo kupanda, tunayoipata basi linapoivuka tuta kwa haraka, ni jambo hilo hilo. Kama mabehewa yanavuka kilima kwa kasi zaidi, yangetaka kuruka reli. Kwa sababu hiyo John Miller, mhandisi wa Marekani, alipata mwaka 1919 hataza ya kuweka magurudumu ya ziada chini ya reli, nayo huyazuia mabehewa yasiinuke. Magurudumu ya namna hiyo yanatumika mpaka leo.

KOSA LA DUARA

Sasa turudi kwenye Flip Flap. Kitanzi chake kilikuwa duara kamili, lenye kipenyo cha kama meta 7.6. Duara ni umbo zuri kwa macho, na fundi huweza kulichora kwa urahisi. Hebu tuone hesabu yasemaje.

Kileleni mwa kitanzi abiria yu kichwa chini. Ili asidondoke kitini, mchapuko wake wa kuelekea kitovu usipungue ule wa mvutano wa dunia, yaani 10. Kwa hiyo kileleni v × v isipungue 10r. Kutoka kileleni hadi chini ni kimo cha 2r. Basi chini ya kitanzi v × v ni 10r na kuongeza 40r, jumla 50r. Tukigawa kwa r, mchapuko wa chini ni 50, yaani mara 5 ya mvutano wa dunia. Tukiongeza uzani wa kawaida, kiti hubeba mara 6 ya uzani wa abiria.

Tazama jinsi r ilivyotoweka katika jibu. Duara liwe dogo au kubwa kama jengo la ghorofa kumi, jibu ni lile lile: mara 6, na hicho ndicho kiwango cha chini kabisa. Mwanafunzi mwenye kilo 50 atakikandamiza kiti kana kwamba ana kilo 300, na kichwa cha kilo 5 kitakuwa juu ya shingo kama mzigo wa kilo 30. Aidha, mzigo huo hauji polepole. Behewa likitoka reli ya bapa na kuingia duara, abiria hutoka mara 1 kwenda mara 6 ghafla. Shingo haina nafasi ya kujiandaa.

Tukiweka nusu kipenyo cha meta 3.8 katika hesabu yetu, kasi iliyohitajika chini ya kitanzi cha Flip Flap ni kama meta 13.8 kwa sekunde, ambayo ni karibu kilometa 50 kwa saa, ile ile ya basi.

DAWA YAKE: UMBO LA TONE

Mwaka 1901 Edwin Prescott alijenga Coney Island kitanzi chenye umbo la yai, ambacho kilipunguza maumivu. Baadaye vitanzi viliachwa kwa miongo mingi. Vilirudi katika miaka ya 1970, reli za mabomba ya chuma zilipoanza kukunjwa kwa usahihi mkubwa. Mwaka 1976, katika bustani ya Magic Mountain huko California, ilifunguliwa Great American Revolution, iliyojengwa na Anton Schwarzkopf pamoja na mhandisi Werner Stengel, wote wa Ujerumani. Kitanzi chake hakikuwa duara. Kilikuwa na umbo la tone la maji lililogeuzwa: mkunjo mpana chini na mkunjo mwembamba juu.

Mkunjo uliotumika huitwa klothoidi. Katika mkunjo huo ukali huongezeka hatua kwa hatua kadiri mtu anavyosonga mbele. Wajenzi wa reli na barabara kuu huutumia pia mahali njia iliyonyooka inapoungana na kona, ili gari lisiingie konani kwa mshtuko.

Tulinganishe vitanzi viwili vyenye kimo cha meta 20. Cha kwanza ni duara, nacho huleta mara 6 kama tulivyoona. Cha pili kina nusu kipenyo cha meta 5 juu na meta 15 chini. Kileleni v × v ni 10 × 5, yaani 50. Chini ni 50 na kuongeza 2 × 10 × 20, jumla 450. Tukigawa kwa 15 tunapata 30, yaani mara 3 ya mvutano wa dunia. Pamoja na uzani wa kawaida ni mara 4. Tumepunguza theluthi ya mzigo bila kupunguza kimo hata sentimeta moja, tena mzigo wenyewe huja polepole.

Tofauti hiyo si ndogo kwa mwili. Mzigo wa mara 5 hivi ukiendelea kwa sekunde kadhaa, moyo hushindwa kupandisha damu ya kutosha kichwani. Macho huanza kuona giza, na mtu huweza kuzimia.

Na Formula Rossa je? Hufikia kilometa 240 kwa saa, yaani karibu meta 67 kwa sekunde, katika muda wa takriban sekunde 5. Mchapuko wake ni kama 13.4, sawa na mara 1.3 tu ya mvutano wa dunia, nao humsukuma abiria mgongoni, ambako kiti kimeushika mwili wote. Kinachomsumbua abiria ni upepo, na kwa hiyo huvaa miwani ya kukinga macho. Hili ndilo jibu la swali letu: hatari haimo katika kasi, bali katika namna kasi inavyobadilishwa.

JARIBIO LA DARASANI

Vifaa: mpira wa maji wa plastiki wa meta 2 uliopasuliwa kwa urefu kuwa mfereji, gololi, rula, gundi ya karatasi na ubao.

1. Kunja sehemu ya katikati ya mfereji kuwa duara lenye nusu kipenyo cha sentimeta 10, na ulibandike ubaoni. Mwanzo wa mfereji uwe mteremko.

2. Achia gololi kutoka vimo mbalimbali, vikipimwa kutoka chini ya kitanzi. Tafuta kimo kidogo kabisa kinachoiwezesha kuzunguka bila kuacha mfereji.

3. Kwa kitu kinachoteleza bila msuguano, jibu lingekuwa sentimeta 25. Kwa gololi inayobingirika, sehemu ya nishati hutumika kuizungusha yenyewe, hivyo hesabu hutoa sentimeta 27. Msuguano utaongeza zaidi.

4. Sasa badili duara kuwa tone lenye kimo kile kile cha sentimeta 20, lakini nusu kipenyo cha juu kiwe sentimeta 5. Hesabu inatabiri sentimeta 23.5 badala ya 27. Pimeni, kisha mlinganishe tofauti mliyoipata na hiyo.

KUPANGA ZIARA YA MASOMO

Nchini Marekani walimu wengi wa fizikia huwapeleka wanafunzi wao katika bustani za burudani kwa ajili ya vipimo, na wasomaji wetu walio katika nchi za Ghuba wanaweza kufanya hivyo pia. Ziara kama hiyo ianze chini, si juu ya kiti. Kwa kipimapembe na uzi wenye jiwe, mwanafunzi akisimama meta 50 kutoka shina la kilima na kuona kilele kwa pembe ya digrii 45, kimo ni meta 50 pamoja na urefu wa jicho lake. Kwa saa ya kupimia sekunde, msururu wa meta 12 ukiupita mhimili kwa sekunde 0.8, kasi yake ni meta 15 kwa sekunde. Kundi ligawanywe, wengine wakae behewa la mbele na wengine la nyuma, kisha walinganishe. Behewa la nyuma huvuka kilele wakati msururu umekwisha kuongeza kasi, na hapo ndipo abiria huinuliwa zaidi.

Mwalimu ahakikishe kila mwanafunzi anatimiza kimo kilichoandikwa kwenye kibao cha mlangoni, kwa maana kizuizi cha kiti kimetengenezwa kwa miili ya kiasi fulani. Wenye maradhi ya moyo, maumivu ya shingo au mgongo, na wajawazito wabaki chini na kuchukua vipimo. Pasiwepo kitu chochote mkononi wala mfukoni.

Shule isiyo na bustani ya namna hiyo ina bembea. Hesabu ni ile ile.

MASWALI

1. Rola kosta imeshuka meta 45. Kasi yake ni ngapi? Abiria wakiongezeka maradufu, jibu litabadilika?

2. Kitanzi cha umbo la tone kina kimo cha meta 30, nusu kipenyo cha meta 6 juu na meta 20 chini. Onyesha kwamba abiria aliye chini hubeba mara 4.3 ya uzani wake.

3. Mtoto ameachiwa kwenye bembea kamba ikiwa imeinuka digrii 60 kutoka wima. Onyesha kwamba akifika chini kiti hubeba mara 2 ya uzani wake, kisha eleza kwa nini urefu wa kamba haubadilishi jibu.