Kilowati Moja Mezani: Mafunzo Niliyopata kwa Kuunda na Kutunza Amplifaya za Redio ya Ridhaa

Wengi wanaoniuliza habari za amplifaya huanza na swali moja: inatoa wati ngapi? Swali hilo lina jibu jepesi. Valvu mbili za 3-500Z zikipewa zinachohitaji zitatoa wati 1,000 na zaidi, kwa sababu ndivyo zilivyoundwa na kiwanda. Kazi ya fundi iko kwenye vitu vinavyoizunguka valvu: umeme unaoilisha, hewa inayoipoza, kebo inayopeleka nguvu kwenye antena, na vizuizi vinavyomlinda mtu anayeifungua. Nimeunda amplifaya za masafa mafupi, na nyingine nimezifufua zikiwa zimefika pwani yetu kwa meli baada ya kufanya kazi miaka mingi ughaibuni. Haya ndiyo ninayomwambia kila kijana anayenijia na leseni mpya mkononi.

1. Antena kwanza, amplifaya baadaye

Transiva ya kawaida hutoa wati 100. Ukiifunga kwenye amplifaya ya wati 1,000 umepanda desibeli 10. Pointi moja ya S kwenye mita ya anayekusikiliza ni desibeli 6, kwa hiyo kilowati nzima haijakupa hata pointi mbili. Wati 1,500, ambazo ndizo kiwango cha juu kwa wanaridhaa wa Marekani, zinakufikisha kwenye pointi hizo mbili tu.

Sizidharau. Usiku wa masika, radi zinapojaza kelele bendi ya megahezi 7, pointi mbili zinatosha kukutoa kwenye kutosikika hadi kwenye kusikika. Lakini dipole ya megahezi 14 iliyolala juu ya bati, ukiiinua hadi mita 10, yaani nusu ya urefu wa wimbi lake, itakupa faida ya kutuma na ya kupokea kwa pamoja. Amplifaya haikusaidii kumsikia mtu. Nguvu kubwa juu ya antena dhaifu humfanya mtu asikike na wengi asioweza kuwajibu.

Kebo nayo ina mipaka yake. Wati 1,000 kwenye kebo ya omu 50 ni volti 224 na ampea 4.5, tena hapo antena imelingana vizuri. Isipolingana, volti hupanda sehemu nyingine za kebo na ampea hupanda sehemu nyingine. RG-58 nyembamba si ya kazi hiyo. Tumia RG-213 au iliyo bora zaidi, lehemu konekta zote, kisha uzizibe maji yasiingie.

2. Soma kibao cha transfoma kabla ya kuchomeka plagi

Amplifaya nyingi zilizotumika hutoka Marekani, ambako umeme wa nyumbani ni volti 120 na hezi 60. Wetu ni volti 230 na hezi 50. Suala la volti hutatuliwa kirahisi, maana transfoma nyingi kubwa zina koili mbili za kuingizia umeme ambazo huunganishwa mfululizo kwa volti 240. Suala la hezi ni gumu zaidi. Transfoma iliyosanifiwa kwa hezi 60 pekee, ukiipa volti zilezile kwa hezi 50, usumaku ndani ya chuma chake huongezeka kwa asilimia 20. Kama msanifu alibana kiasi cha chuma, transfoma itanguruma na kuchemka hata kama haijabebeshwa kitu. Kibao kikisema 50/60, endelea kwa amani. Kikisema 60 peke yake, iwashe bila mzigo, iache kwa muda, izime, chomoa, kisha pima joto lake kabla hujaiamini.

Piga hesabu ya ukutani pia. Ili kutoa wati 1,000 hewani, amplifaya ya valvu itavuta karibu wati 2,000, yaani ampea zipatazo 9. Ipe laini yake yenyewe kutoka kwenye breka, isichangie na friji wala pampu ya maji. Weka pia rezista ya kuanzia taratibu, inayopunguza kishindo cha umeme kwa muda mfupi kabla relei haijairuka. Inalinda swichi, dayodi na filamenti kwa pamoja.

3. Kuzima swichi si kumaliza umeme

Hili ndilo funzo ninalolisisitiza kuliko yote. Chukua ugavi wa volti 3,000 wenye kapasita nane za mikrofaradi 220 zilizofungwa mfululizo. Kwa jumla ni mikrofaradi 27.5, na nishati iliyomo ni zaidi ya jouli 120. Mkondo wa miliampea 100 ukipita kifuani unaweza kuuvuruga mdundo wa moyo, na ugavi huu unaweza kutoa ampea nyingi kwa kufumba na kufumbua.

Juu ya kila kapasita huwekwa rezista ya kumwaga chaji. Zikiwa za kiloomu 100 kila moja, volti hushuka hadi kama theluthi moja kwa sekunde 22, na huchukua karibu dakika mbili kufika volti 20. Hiyo ni kama rezista zote ni nzima. Moja ikikatika, kapasita yake hubaki imeshiba.

Utaratibu wangu haubadiliki. Nazima, nachomoa plagi na kuiweka juu ya meza niione. Nangoja mita ya volti kuu ishuke, kisha nangoja tena. Ndipo nachukua fimbo ya kumwagia chaji: bomba kavu la plastiki lenye urefu wa mkono mzima, ndoano ya shaba kwenye ncha yake, na waya mnene kutoka kwenye ndoano hadi kwenye chasisi. Waya huo naufunga kwenye chasisi kwanza, kwa boliti. Nagusisha ndoano kupitia rezista yenye uwezo mkubwa wa wati, halafu moja kwa moja, kisha naiacha ikining'inia kwenye anodi muda wote ninaofanya kazi. Pete na saa viko mfukoni, na mkono mmoja uko nyuma ya mgongo ninapogusa mara ya kwanza.

Multimita ya kawaida ina kikomo cha volti 600 au 1,000. Usiipeleke kwenye volti 3,000. Jenga ndani ya amplifaya mita ya volti kuu yenye mnyororo wa rezista zinazogawana volti. Weka swichi kwenye mfuniko ili ukifunguliwa umeme ukatike. Na usifungue kitu hiki ukiwa peke yako nyumbani, wala usiku macho yakiwa mazito.

4. Pima volti za filamenti kwenye soketi

Filamenti ya 3-500Z hutaka volti 5 na karibu ampea 14.5, na isitofautiane na hapo kwa zaidi ya asilimia 5 kupanda au kushuka. Kwa mkondo mkubwa namna hiyo, ukinzani wa omu 0.02 kwenye soketi iliyolegea unapoteza volti 0.29, na tayari umeshatoka nje ya kiwango. Ndiyo maana vipimo vya kwenye transfoma havitoshi.

Rafiki yangu aliniletea amplifaya ambayo nguvu yake ilikuwa imeshuka hadi nusu. Alikuwa ameshaambiwa anunue valvu mpya, na valvu hizo si rahisi. Nilizichomoa, nikazigeuza chini ya taa. Pini mbili za filamenti zilikuwa nyeusi, na lehemu iliyomo ndani yake ilikuwa imeyeyuka na kuchuruzika. Soketi nayo ilikuwa imepoteza mbano. Nilisafisha pini, nikazilehemu upya, nikakaza meno ya soketi, nikapima hadi nikaona volti 5 kamili pale chini ya valvu. Nguvu yote ikarudi. Valvu hazikuwa na ubaya wowote.

Ukiona anodi ya 3-500Z imekuwa nyekundu wakati wa kazi, usiogope. Imepakwa zirkoni, na joto ndilo linaloifanya inyonye mabaki ya gesi na kutunza ombwe ndani ya kioo. Valvu za kauri kama GU-74B ya Urusi zina desturi tofauti: kipashio chake cha volti 12.6 kipewe zaidi ya dakika mbili na nusu kabla ya kuanza kutuma. Na valvu yoyote iliyolala ghalani miaka mingi, ipashe filamenti kwa saa kadhaa bila volti kuu, kisha upandishe volti hatua kwa hatua.

5. Feni ni sehemu ya valvu

Mtu akinunua valvu bila kufikiria feni, amenunua nusu. Miguu ya 3-500Z isizidi nyuzi 200 za Selsiasi, na hewa lazima ipite pale chini tangu filamenti inapowaka, hata kama hutumi. Tumia soketi ya kupitisha hewa na bomba la kioo linaloielekeza kwenye valvu. Usiridhike na feni inayopuliza ovyo pembeni.

Pwani ina maadui wake. Chumvi ya baharini na vumbi vikichanganyika hufanya utando unaopitisha umeme juu ya kauri na plastiki. Mjusi kafiri hupenda joto la transfoma, na akipita kati ya anodi na chasisi matokeo yake ni mlipuko. Ziba matundu yote kwa wavu mwembamba wa chuma, usafishe kwa brashi laini na spiriti kila msimu unapobadilika, na uache nafasi pana kwenye kila sehemu yenye volti kubwa. Hewa kavu huhimili takribani volti 3,000 kwa milimita moja, lakini ncha kali na unyevu hupunguza kiwango hicho sana. Mimi huizidisha nafasi hiyo mara kadhaa, na kila kona ya bati huisugua hadi iwe mviringo.

6. Nguvu chafu ni uonevu

Amplifaya ya sauti lazima iwe nyoofu: kinachoingia kitoke vilevile, kimekuzwa tu. Ukiizidishia nguvu ya kuingiza, mita ya wati itapanda kidogo, ila sauti itatapakaa na kuwaziba wenzako walio jirani kwenye bendi. Rekebisha kwanza kwenye mzigo bandia wa omu 50, hadi wati ziwe juu na mkondo wa gridi uwe ndani ya kikomo kilichoandikwa kwenye karatasi ya valvu. Mkondo wa gridi ukipanda kupita kiasi, mara nyingi amplifaya haijabebeshwa mzigo wa kutosha. Usiondoe vizuizi vya mtetemo wa pembeni kwenye anodi, ile koili ndogo iliyozungushwa juu ya rezista. Bila hiyo valvu inaweza kutetema kwenye masafa ya juu ambayo hukuyakusudia.

7. Relei zina zamu zake

Relei ya antena ifunge kwanza, ndipo nguvu ya redio ipite. Kinyume chake, cheche hula sehemu za mgusano za relei na transiva hubaki bila mzigo. Amplifaya nyingi za zamani zina volti zaidi ya 100 kwenye waya wa kuwashia relei, na transiva ya kisasa haiwezi kuzihimili. Weka sakiti ndogo ya kutenganisha kati ya mashine hizo mbili kabla ya kuziunganisha.

8. Transista hazisamehe

Leo transista moja ya LDMOS kama BLF188XR ina uwezo wa wati 1,400 kwa volti 50 tu. Haihitaji kupashwa moto, na hatari ya volti 3,000 haipo. Lakini valvu iliyokosewa hukupa sekunde kadhaa za kuona kosa, transista hukupa sehemu ndogo ya sekunde. Ikitoa wati 1,000 kwa ufanisi wa asilimia 65, joto la wati 540 linatoka kwenye eneo dogo kuliko kiganja. Iweke juu ya bamba nene la shaba lililosawazishwa vizuri. Ulinzi wa SWR (dhidi ya antena isiyolingana), wa joto na wa mkondo uwe wa kielektroniki na wa kasi. Wati chache tu zinatosha kuiendesha. Ukiipa wati 100 zote za transiva bila kipunguza nguvu, umeiua.

9. Andika

Amplifaya ikiwa nzima, andika volti za filamenti, mkondo wa kutulia, volti kuu ikiwa tupu na ikiwa na mzigo, na wati zinazoingia na kutoka kwa kila bendi. Chora sakiti jinsi ilivyo kweli, pamoja na kila ulichobadilisha, na ubandike nakala ndani ya mfuniko. Kwa vipimo hivyo ugonjwa hujulikana mapema, na fundi atakayeifungua baada yako hatabahatisha mbele ya volti 3,000.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujatafuta valvu, fanya mambo matatu. Pata leseni yako, kwa TCRA kama uko Tanzania au mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako, na usome kiwango cha nguvu unachoruhusiwa. Inua antena yako. Kisha tengeneza fimbo ya kumwagia chaji, na iwe kifaa cha kwanza kabisa kuwekwa kwenye meza yako ya kazi. Asiyekuwa na fimbo hiyo hajawa tayari kuunda amplifaya.