Mwitongo, Mahame Yenye Habari

Somo letu la leo linatoka kwenye jina moja. Lisome polepole: Mwi-to-ngo. Kwa Kizanaki maana yake ni mahame, yaani mahali palipokuwa na mji wa watu zamani, kisha wakahama. Lakini nenda Butiama uone. Mahame haya yana nyumba, yana makaburi, na wageni hawaishi.

Hapo ulikuwapo mji wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Alikuwa na wake 22. Mke wa tano, Mgaya wa Nyang'ombe, alijifungua mtoto tarehe 13 Aprili 1922. Mvua ilikuwa kubwa, basi mtoto akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Na jina la baba je? Nyerere ni viwavi. Alizaliwa wakati viwavi wamevamia nchi. Kumbe wazee wetu hawakuwa na daftari, lakini waliandika miaka yao ndani ya majina ya watoto!

Kambarage alianza shule mwaka 1934 huko Mwisenge, Musoma, mwendo wa kilomita 40 hivi. Ndiye Mwalimu Julius Nyerere, Rais wa kwanza wa nchi yetu. Alipong'atuka mwaka 1985 alirudi hapa hapa, akalima, akacheza bao. Alizikwa Mwitongo tarehe 23 Oktoba 1999, karibu na wazazi wake. Makumbusho yake yalikuwa yamefunguliwa Julai ya mwaka huo.

Upo pia msitu wa Muhunda. Wazee husema humo mna mzimu unaowalinda watu, nao huweza kuonekana kama nyani au chui. Mwingine atacheka. Acheke tu, lakini penye mwiko wa namna hiyo shoka huogopa kuingia.

Sasa, Mwitongo ina makumbusho. Mahame ya kijijini kwako yana nini? Labda mafiga matatu, au kinu kilichopasuka chini ya mti. Mzee anayejua nani alikaa pale akifa, hubaki shamba tu.

Zoezi. Chukua daftari na kalamu, nenda kwa mzee. Shikamoo kwanza. Muulize: mji ule ulikuwa wa nani? Walihama kwa nini: njaa, ugonjwa, au Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970? Makaburi yako wapi? Andika kama anavyosema, hata kama ni kwa lugha ya kwenu. Chini yake andika jina lake na tarehe.