Dondoo muhimu: Marashi ya ndimu na miti kwa joto la Bugembe

Ndimu au chungwa likitulizwa kwa mwerezi au msandali huburudisha mchana wa jua bila kumaliza mfuko. Zingatia haya:

1. Usinunue kwa kunusa kifuniko. Pulizia mkononi, zunguka sokoni nusu saa, kisha nusa tena: ndimu huruka mapema, na harufu ya miti ndiyo utakayoshinda nayo hadi jioni.

2. Oga kwanza, jipake mafuta yasiyonukia. Kwenye ngozi kavu marashi hayakai.

3. Mipulizo miwili yatosha. Kwenye teksi ya Jinja mnakaa bega kwa bega, na mwenye pumu huenda yuko kiti cha pili.

4. Pulizia sehemu inayofunikwa na nguo, si shingo iliyo wazi. Mafuta ya ndimu na ya bergamoti yakipigwa na jua yanaweza kuunguza ngozi na kuacha madoa meusi ya miezi. Wewe unayeendesha bodaboda kutwa, hili ndilo kubwa kuliko yote.

5. Kanzu nyeupe na gomesi ya hariri zisiguswe na marashi. Doa lake ni gumu kutoka.

6. Usipulizie karibu na sigiri. Spiriti iliyomo kwenye marashi hushika moto.

7. Hifadhi chupa kabatini penye giza, kamwe si dirishani chini ya bati.

8. Chagua chupa ndogo: ndimu ndiyo huharibika kwanza, hata harufu ya miti ikiwa bado nzima.