Kutafuta Kazi Siku za Majilio

Somo: Mathayo 20:1-16

Baadhi ya wana wetu leo wakaa Marekani, na wengine wao katika jimbo la Minnesota, ambako mwezi wa Desemba ni wa theluji na baridi kali. Majilio yafikapo, asiye na kazi huambiwa, "Sasa hakuna aajiriye, ngoja mwaka mpya." Naye husikia neno hilo, akajifungia chumbani. Basi, tulipime kwa Maandiko.

Bwana Yesu atuambia habari za mwenye shamba aliyetoka alfajiri kutafuta watenda kazi, akatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, hata saa kumi na moja. Leo tuwatazame wale wa mwisho. Jua lilikuwa karibu kuchwa, wala hakuna mtu aliyewaajiri, lakini walikuwa wangali sokoni. Kama wangalirudi nyumbani saa sita, wasingaliitwa.

1. Tusiondoke sokoni. Ni kweli, ofisi nyingi hupunguza shughuli kati ya Krismasi na Mwaka Mpya. Lakini maduka makubwa na wachukuzi wa vifurushi huongeza watu kwa muda, na wengi wao huanza kuwatafuta tangu Oktoba. Hospitali na nyumba za kutunzia wazee hazifungwi hata usiku wa Krismasi. Tena barua ya maombi iliyopelekwa Desemba yaweza kusomwa Januari, wakuu warudipo kazini. Wala kazi ndogo si aibu: mtume Paulo alishona hema huko Korintho pamoja na Akila na Prisila (Matendo 18:1-3).

2. Tuingie kwa mlango. Mwanafunzi mwenye viza ya F-1 hana ruhusa ya kufanya kazi popote apendapo. Kazi ya chuoni kwake isizidi saa 20 kwa juma wakati wa masomo. Wakati wa likizo yaweza kuzidi. Kazi ya nje ya chuo yahitaji ruhusa maalumu. Tena mtu akidai fedha kwanza ndipo akupe kazi, mkimbie, maana huyo ni mwivi.

3. Tusiwatwike mizigo. Neno hili latuhusu sisi tuliobaki nyumbani. Desemba ikifika, simu zetu humfuata kijana: karo ya Januari, nguo za sikukuu, mabati ya nyumba. Naye huona haya kusema kwamba hana kazi, akakopa ili atume. Yule mwenye shamba aliwapa wa saa kumi na moja dinari moja, sawasawa na wa alfajiri. Hakuwapima kwa saa walizofanya. Basi, nasi tusimpime mwana kwa fedha aletazo. Kwanza tumwulize habari zake, na tumwombee, ndipo tuseme haja zetu, kama ni lazima.

Maswali ya kujifunza:
(a) Wale wa saa kumi na moja walingoja kwa sababu gani?
(b) Ni nani katika usharika wetu asiye na kazi, nasi twaweza kumwonyesha mlango gani?
(c) Mara ya mwisho ulipozungumza na mwanao aliye mbali, neno lako la kwanza lilikuwa nini?

Bwana aliyelazwa horini, kwa kuwa hapakuwa na nafasi, awakumbuke wote watafutao nafasi. Amina.