ED Mkononi, Kalenda Ukutani

Ugomvi wa likizo ya ugonjwa kazini huwa na sentensi mbili tu. Bosi anasema, "Umeshamaliza siku zako." Mfanyakazi anajibu, "Kuumwa sikupenda, na mshahara ni haki yangu." Waulize wote wawili siku zenyewe ni ngapi, zilianza kuhesabiwa lini na zinaisha lini. Mara nyingi utaona macho tu.

Kwa Tanzania Bara jibu lipo tangu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kifungu cha 32 kinampa mfanyakazi siku zisizopungua 126 za likizo ya ugonjwa katika kila mzunguko wa likizo: 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, Na. 11 ya mwaka 2005, kwa hiyo aliye Unguja au Pemba asichukue hesabu za hapa.

Kinachowakosesha usingizi wengi ni kalenda. Mtu amezoea likizo ya mwaka, ambayo mzunguko wake ni miezi 12, akadhani na ya ugonjwa inajifungua upya kila Januari. Sivyo. Mzunguko wa likizo ya ugonjwa ni miezi 36 ya ajira mfululizo, na unaanza siku mtu alipoajiriwa. Aliyeanza kazi tarehe 1 Machi 2024 anahesabiwa hadi mwisho wa Februari 2027. Tarehe 1 Machi 2027 hesabu inaanza sifuri, awe alizitumia zote au hakugusa hata moja.

Tuseme huyo aliumwa siku 21 mwaka 2024 na siku 12 mwaka 2025. Ametumia 33. Juni 2026 anafanyiwa upasuaji na daktari anampa siku 45. Siku 30 za kwanza analipwa kamili, kwa sababu ndizo zilizobaki kwenye zile 63. Siku 15 zinazofuata ni nusu. Hakuna hapo cha kubishania, ilimradi mtu aliandika zile 21 na zile 12 zilipotokea. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeandika, na sasa kila upande unakumbuka inavyoupendeza.

Kwa hiyo jambo la kwanza kwa mwajiri, hata mwenye duka la watu watatu, ni kufungua ukurasa mmoja wa daftari kwa kila mfanyakazi. Juu yake andika tarehe ya kuajiriwa na tarehe mzunguko unapokwisha. Chini, kila akiumwa, andika kuanzia lini hadi lini, siku ngapi, jumla hadi hapo, na kama malipo ni kamili au nusu. Mfanyakazi atie sahihi kila mstari. Na wewe mfanyakazi, usingoje bosi awe na daftari. Piga picha ya kila ED, yaani cheti cha matibabu kinachokupumzisha kazi, kabla hujaikabidhi na uitunze kwenye simu pamoja na tarehe. Siku mkifika mbele ya msuluhishi, mwenye karatasi ndiye atakayesikilizwa kwa makini.

Tukija kwenye hiyo ED, sheria iko wazi kwamba mwajiri halazimiki kulipa kama mfanyakazi hakuleta cheti cha matibabu. Cheti hicho kitoke kwa daktari aliyesajiliwa, au kwa mtabibu mwingine ambaye mwajiri amemkubali, na mwajiri hana ruhusa ya kumkataa bila sababu ya maana. Maneno hayo ya mwisho yana uzito kuliko yanavyoonekana. Zahanati nyingi za mitaani na vijijini hazina daktari wa shahada. Anayekuona ni tabibu. Bosi anayesema "hii ya zahanati siitambui, niletee ya hospitali ya mkoa" anamtaka mgonjwa apande daladala mbili akapange foleni ili kuthibitisha homa. Kwa maoni yangu hiyo ni sababu isiyo ya maana. Limalizeni jambo hili mapema kwa maandishi: taja kwamba cheti cha tabibu wa zahanati au kituo cha afya kilichosajiliwa kinakubalika.

Wakati mnaandika, ongezeni na haya. Mgonjwa atoe taarifa kwa nani, na kabla ya saa ngapi? Je, ujumbe wa WhatsApp unatosha, au lazima apige simu? Kama amelazwa na hawezi kushika simu, nani wa nyumbani aruhusiwe kutoa taarifa? Cheti halisi kije lini? Mimi ningeruhusu picha ya ED siku ileile na karatasi yenyewe siku ya kurudi kazini. Ningeruhusu pia siku moja moja za mafua au kuharisha zipite bila cheti, mara chache kwa mwaka, kwa idadi mliyokubaliana. Sheria haimzuii mwajiri kutoa zaidi ya kiwango chake cha chini. Na kumpeleka mtu hospitali kulipia kumwona daktari kwa ajili ya mafua ya siku moja mara nyingi humfanya apumzishwe siku tatu ambazo hakuzihitaji.

Vipi kuhusu yule ambaye ugonjwa wake unapenda Jumatatu? Yupo, tusidanganyane. Ila dawa yake si kukataa vyeti vya watu wote. Angalia daftari; kama mtindo unajirudia, kaa naye faraghani umwonyeshe tarehe, umwache aeleze. Ukiwa na shaka na cheti, wasiliana na kituo kilichokitoa uulize swali moja tu: hiki ni chenu? Cheti cha kughushi ni kosa la kinidhamu, na linashughulikiwa kwa tuhuma ya maandishi na kikao ambacho mfanyakazi anapewa nafasi ya kujitetea. Kukata mshahara kimyakimya mwisho wa mwezi kunaweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa.

Usiulize anaumwa nini. Mwajiri anahitaji kujua kama mtu anaweza kufanya kazi, kwa siku ngapi atakosekana, na kama akirudi apewe kazi nyepesi. Jina la ugonjwa ni la mgonjwa na daktari wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti, na kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira kinakataza ubaguzi kwa sababu kama ulemavu, ujauzito na VVU. ED iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo ili "wengine wajifunze" ni kesi inayosubiri mlalamikaji.

Sasa pesa, maana hapa ndipo mwajiri mdogo anapoumia kwelikweli. Kwa ugonjwa wa kawaida, kifungu cha 32 kinaweka malipo mabegani mwa mwajiri. Siku 63 mfululizo ni wiki tisa. Chukua mshahara wa msingi wa shilingi 400,000 kwa mwezi. Jedwali la sheria linabadili mshahara wa mwezi kuwa wa wiki kwa kugawanya kwa 4.333, kwa hiyo wiki moja ni kama shilingi 92,300. Wiki tisa kamili zinakaribia 831,000, na wiki tisa za nusu ni kama 415,000. Jumla ni shilingi milioni 1.25 hivi, endapo mtu ataumwa siku zote 126 katika miaka mitatu. Ukizigawanya kwa miezi 36 unapata chini ya shilingi 35,000 kwa mwezi, chini kidogo ya asilimia 9 ya mshahara. Hiyo ndiyo hali mbaya kabisa, na wengi hawafiki huko. Mwenye wafanyakazi watano anayetenga hata theluthi ya kiasi hicho kwa kila mmoja ana akiba ya kuanzia siku mmoja wao akilazwa. Asiyetenga chochote hutafuta fedha kwa kumbembeleza mgonjwa "achukue likizo yake ya mwaka kwanza". Hilo halikubaliki: likizo ya mwaka haiwekwi mahali pa likizo nyingine ambayo mtu ana haki nayo.

Mfanyakazi naye ajue kwamba malipo haya yanapigwa kwa mshahara wa msingi. Posho za usafiri, saa za ziada na mengineyo yanayonenepesha bahasha huenda yasiwepo. Muuzaji ambaye msingi wake ni mdogo na kamisheni ndiyo inayomlisha ataona "mshahara kamili" wenye njaa. Hapo sheria imempendelea mwajiri, na njia ya kurekebisha ni kuzungumza wakati wa kusaini mkataba, au kupitia chama cha wafanyakazi kwenye mkataba wa hali bora. Na ukiona siku zako za mshahara kamili zinakaribia kwisha huku bado uko kitandani na una mkopo, tuma mtu kwenye SACCOS au benki kabla nusu mshahara haijaingia. Kuomba marejesho yapunguzwe mapema ni rahisi kuliko kueleza baada ya kushindwa.

Kuna makundi ambayo hesabu hii haiwagusi, au inawagusa kwa namna nyingine. Aliye kazini chini ya miezi sita bado hajaingia kwenye haki hii kisheria. Lakini kibarua anayeitwa na mwajiri yuleyule zaidi ya mara moja ndani ya mwaka, na vipindi vyake vikajumlishwa vikazidi miezi sita, anaingia. Kumwachisha na kumrudisha hakufuti siku zake. Kenya wamepima mizani kwa njia tofauti. Sheria yao ya Ajira ya mwaka 2007 inamfungulia mfanyakazi mlango baada ya miezi miwili tu, ila ndani anakuta siku saba za mshahara kamili na saba za nusu kwa kila miezi 12. Mwenye kampuni yenye ofisi Arusha na Nairobi asitumie fomu moja kwa zote mbili.

Aliyeumia kazini, au aliyepata ugonjwa unaotokana na kazi, njia yake ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao waajiri wanauchangia. Mwajiri atoe taarifa huko haraka. Anayechelewa anajibebesha gharama ambayo tayari aliilipia michango. Uzazi nao una likizo yake. Usiuchanganye kwenye zile 126.

Wakati mgonjwa hayupo, kazi yake inawaangukia waliobaki. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, na hazizidi 50 katika wiki nne. Bosi anayeziba pengo la mgonjwa mmoja kwa kuwachosha wawili atakuwa na ED tatu mezani.

Je, siku 126 zikiisha na mtu hajapona? Wengi hudhani ajira inakufa yenyewe. Haifi. Mwajiri hatalazimika tena kulipa chini ya kifungu hiki, lakini kumwachisha mtu kwa sababu ya afya kuna utaratibu wake kwenye kanuni za utendaji bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Na. 42. Aangalie chanzo cha ugonjwa, uzito wake, kama ni wa muda au wa kudumu, na kama kazi inaweza kurekebishwa au ipo nyingine nyepesi. Aliyeumia kazini anastahili juhudi kubwa zaidi. Apate maoni ya daktari, amsikilize mfanyakazi pamoja na mwakilishi wake, kisha ndipo aamue. Barua ya kufukuza iliyoandikwa siku ya 127 bila hatua hizo ni dhaifu sana.

Mfanyakazi aliyepewa barua ya namna hiyo ana siku 30 tangu kuachishwa kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Kwa mgogoro mwingine, kama mshahara wa likizo ya ugonjwa uliokatwa, ni siku 60. Anaanza kwa kujaza Fomu Na. 1 na kumpa mwajiri nakala. Hatua ya kwanza ni usuluhishi, na mengi huishia hapo, hasa kama kila mmoja amekuja na karatasi zake.